Nywele Zangu na Jina la Shamimu

Jumamosi, 14 Septemba 2024
Mvua ya kwanza, milimita sita. Kipima mvua kiko nyuma ya ofisi hapa Bugarama na mimi ndiye ninayekisoma kila asubuhi, kwa kuwa mimi ndiye afisa ugani. Daftari hili nilipewa la kuandikia mvua. Kurasa zimebaki nyingi, nimeamua kuandika na mengine.

Leo nilikuwa nimeinama uani nachambua mbegu za maharage. Binti yangu Happyness, ana miaka tisa, alisimama nyuma yangu akasema, "Mama, ngozi ya kichwa chako inaonekana." Hakusema kwa ubaya. Nilimtuma maji ambayo hatukuyahitaji, nikaingia ndani, nikachukua vioo viwili, kimoja mbele kimoja nyuma. Ni kweli. Katikati ya utosi pana njia ambayo mimi sikuipasua.

Jumanne, 17 Septemba
Hakuna mvua. Kichana kimejaa tena.

Jumamosi, 21 Septemba
Milimita tisa. Nimetoka kwa Shamimu nikiwa nimekasirika.

Shamimu ni binti wa mzee Salum mwenye duka la nguo. Saluni yake ni chumba kimoja pale senta, kina viti viwili na kioo kirefu. Babu yake alikuja huku kutoka Pangani na biashara yake, lakini Shamimu mwenyewe amezaliwa hapa, anaongea Kihangaza kunishinda, na bahari hajawahi kuiona. Miaka sita sasa ndiye anayenitengeneza nywele. Harusi ya mdogo wangu alinisuka bure. Ninapomaliza kikao cha wakulima kinachoniudhi huwa napita kwake, nakaa tu.

Leo nilikaa kwenye kiti nikasema aniwekee dawa kama kawaida. Akanipasua nywele kwa vidole, halafu akarudisha kopo la dawa kwenye rafu.

"Dada Eva, leo sikuwekei."

"Kwa nini?"

"Nywele zinapungua utosini. Pembeni na kisogoni ziko palepale. Dawa ikiharibu nywele hukatikakatika ovyo, na kichwa kinatoka vidonda. Hizi zako zinatoka na mzizi, na zinazobaki zimekuwa nyembamba kama za mtoto. Nenda hospitali wakupime damu."

"Umesomea udaktari?"

"Sijasomea. Nimeshika vichwa miaka kumi na moja."

Aliniambia kwa sauti ya chini ili mteja wa pili asisikie. Mimi nilisikia kitu kingine kabisa. Nilisikia mtu anayejua ameniharibu na sasa anatafuta pa kusingizia. Nilifunga kitambaa nikatoka bila kuaga.

Alhamisi, 26 Septemba
Milimita ishirini na mbili. Watu wote wako shambani wanapanda. Nimezunguka kwa pikipiki mpaka tope limenifika magotini.

Jumapili, 29 Septemba
Mume wangu Frednand anafundisha sekondari. Jana alikwenda Ngara mjini kwa kazi za shule akarudi na mfuko wa plastiki, akauweka kitandani upande wangu. Ndani kulikuwa na wigi. Nyeusi, ndefu, bado ina harufu ya dukani.

"Ya nani?"

"Nimeona utaihitaji kanisani."

Nilitaka aseme kitu kingine chochote. Sikuivaa. Nilikwenda misani na kitambaa, na mama mkwe wangu, Speciosa, ambaye nyumba yake na yetu zinatazamana, alinikagua kuanzia mlangoni hadi benchi.

Baada ya misa aliniuliza, "Mkwe wangu, unakula vizuri?"

"Nakula, mama."

"Usiku hutoki jasho?"

Najua swali hilo linaelekea wapi. Nikamjibu kwamba nilipima mwaka jana na juzi na sina kitu. Akasema hakuniuliza kuhusu kupima. Mwanamke huyu hajawahi kunipenda. Tangu Happyness azaliwe amekuwa akilitazama tumbo langu kama mtu anayengoja basi lililochelewa.

Jumatano, 2 Oktoba
Milimita kumi na nne. Murusagamba. Mkulima mmoja migomba yake imekauka, ukikata shina linatoa usaha wa manjano. Amegombana na jirani yake, anasema jirani amemroga kwa sababu ya mpaka. Nilikaa naye saa nzima. Nilimwonyesha kwamba mnyauko unabebwa na panga lisilosafishwa na wadudu wanaotembelea maua. Nikamwambia, "Kabla hujamtaja mtu, tafuta chanzo." Majirani waliokuwa wamekusanyika wakaitikia kwa vichwa. Nilijisikia msomi.

Jumapili, 6 Oktoba
Nitaandika kama ilivyokuwa.

Baada ya misa tulikuwa na kikao cha umoja wa akina mama, chini ya paa la jengo la katekisimu, mvua inanyesha kwa nguvu kiasi kwamba hakuna aliyeweza kuondoka. Mambo ya kikao yalikwisha. Tukabaki tumekaa. Priscila, ambaye ni katibu wetu, akanigeukia na uso wa huruma.

"Evarista, sisi ni dada zako. Kama kuna ugonjwa, tuambie tukuombee. Siku hizi dawa zipo, watu wanaishi."

Wanawake kama ishirini wakanitazama, na hakuna aliyeshangaa. Nikaelewa kwamba jambo hili limeshajadiliwa nisipokuwepo, na kwamba walikuwa wamemchagua Priscila aulize. Nilimwona Happyness mlangoni akiwa na watoto wengine. Nilifikiria kesho shuleni atakavyoitwa.

Nikasema, "Siumwi. Ni dawa ya Shamimu. Imeniunguza."

Maneno sita. Yalitoka laini, kama yalikuwa yamekaa tayari. Na mara tu yalipotoka nikaona nyuso zinafunguka, mmoja akapiga kofi pajani, mwingine akasema hata yeye aliwahi kuwashwa. Priscila akasema, "Kumbe." Akanisogelea akanishika mkono. Sijashikwa mkono hivyo wiki kadhaa.

Nikaongeza. Hakuna aliyenilazimisha kuongeza. Nikasema nadhani anatumia dawa iliyopitwa na wakati.

Mvua ilipokatika niliwaona wanavuka barabara wawili wawili, wanaongea.

Jioni nilimwambia Frednand. Akaacha kusahihisha madaftari.

"Una uhakika ni yeye?"

"Wewe uko upande wa nani?"

"Nimeuliza tu kama una uhakika."

Nikamwambia mtu anayemnunulia mkewe wigi hana haki ya kuuliza. Aliendelea kusahihisha.

Jumatatu, 7 Oktoba
Milimita thelathini na moja.

Ijumaa, 11 Oktoba
Milimita nane. Nimepita senta. Viti vyote viwili vya Shamimu vilikuwa vitupu, naye alikuwa anafagia sakafu isiyo na kitu. Aliinua kichwa. Nikaongeza mwendo wa pikipiki.

Jumamosi, 19 Oktoba
Maneno yamebadilika. Mimi nilisema dawa. Leo kwa muuza mkaa nimesikia kwamba Shamimu huwa hatupi nywele anazofagia, anazifunga kwenye mfuko na kuzipeleka pwani kwa waganga. Aliyekuwa anasimulia aliniona akasema, "Huyu hapa, mwulizeni yeye."

Nilisema mimi sijui habari hizo. Kwa sauti ndogo sana.

Jumatano, 23 Oktoba
Milimita kumi na saba. Mzee Salum alikuja ofisini. Alivua viatu mlangoni ingawa nilimwambia asivue. Ni mtu wa miaka sabini, anatembea akijishika kiuno.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Nimekuja kukuuliza jambo moja, kisha niende. Uliona nini?"

"Wapi, mzee?"

"Kwenye kichwa chako. Siku dawa ilipokuunguza. Ulitoka malengelenge? Ulilia? Mtu akiungua analia. Shamimu anasema hujawahi kulia kwenye kile kiti hata siku moja."

Nilitazama chati ya mvua ukutani.

"Juzi wamepiga mawe mlango," akasema. "Jana mwenye nyumba, Hategekimana, amemwambia aondoke mwisho wa mwezi, anaogopa bati lake. Mimi simlaumu. Nakuomba wewe useme tu ulichokiona. Kama kweli uliungua, nitakuja na binti yangu tupige magoti. Kama hukuungua, sema hukuungua."

Ilikuwa rahisi. Neno moja lingetosha. Badala yake nilimwambia kwamba kila kichwa na ngozi yake, kwamba madhara mengine huchelewa kuonekana. Niliongea kama ninavyoongea na wakulima, kwa mpangilio, kwa utaratibu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ahsante, binti yangu," akavaa viatu vyake. Ilimchukua muda kuvivaa.

Alhamisi, 31 Oktoba
Saluni imefungwa. Kioo bado kimo ndani, nimekiona dirishani. Wanasema Shamimu amekwenda Nyantakara, kule Biharamulo, kwa shangazi yake Mwanaharusi.

Nywele zinaendelea kutoka. Tangu mwezi wa nane sijawekwa dawa yoyote. Nimeandika sentensi hiyo na nimeitazama.

Jumanne, 5 Novemba
Milimita kumi na mbili. Palizi ya kwanza ya maharage.

Ijumaa, 8 Novemba
Siku zangu hazijaja mwezi wa tatu huu. Nimepima mimba leo asubuhi, peke yangu, chooni. Nilikuwa nimeshachagua jina. Hakuna kitu.

Jumatano, 13 Novemba
Damu imeanza na haikatiki. Nimeomba ruhusa kazini. Frednand amesema atanisindikiza, nikamwambia abaki na mtoto. Kuna hospitali ya misheni upande wa Biharamulo ambako yuko daktari wa wanawake, anaitwa Claudia. Nakwenda kesho.

Jumapili, 17 Novemba
Nimerudi. Sijui mvua ilikuwa kiasi gani siku hizi nne, hakuna aliyesoma.

Daktari Claudia ni mwanamke mfupi, anaongea taratibu. Alianza kwa kuuliza maswali ambayo nilidhani hayahusiani. Siku zangu zinakuja kwa mpangilio? Hapana, tangu nimzae Happyness zinaruka. Uzito umeongezeka? Ndiyo. Nina ndevu? Nilikaza fundo la kitambaa. Akarudia, bila kucheka. Nikasema ziko tano kidevuni, nazing'oa. Mume wangu hajui. Chunusi mgongoni? Ndiyo. Kuna mtu kwetu mwenye kisukari? Mama yangu alikufa nacho.

Ndipo akaomba kuona kichwa. Nilivua kitambaa. Akawasha taa ndogo akapitisha vidole, akapasua nywele sehemu zilezile ambazo vidole vingine viliwahi kupasua. Akasema:

"Pembeni na kisogoni ziko sawa. Zinapungua utosini, na zinazoota ni nyembamba."

Niliyasikia maneno hayo mara ya pili katika maisha yangu, na nilijua hasa nani aliyeyasema mara ya kwanza.

Walichukua damu. Walinifanyia altrasaundi. Siku ya pili akanikalisha akanieleza, na nimeandika hapa nisije nikasahau au nikageuza.

Amesema mwili wa kila mwanamke una homoni za kike na pia una homoni ya kiume, kidogo. Yangu ya kiume imezidi. Mayai yanaanza kukua lakini hayakomai, yanabaki kama vifuko vidogo vingi kwenye ovari, alinionyesha kwenye picha, kama mbegu za tango. Ndiyo maana siku zinaruka, ndiyo maana mimba haishiki. Homoni hiyohiyo inapanda kichwani, inadhoofisha vinyweleo vya utosini, kila unywele unaoota unakuwa mwembamba kuliko uliotangulia, mpaka mwishowe hauoti. Na kidevuni inafanya kinyume. Amepima pia tezi ya shingo na damu, kwa sababu tezi ikilegea au damu ikipungua, nywele hutoka vilevile. Tezi yangu ni nzima. Akasema kuna wanawake wanaopoteza nywele baada ya kujifungua, hizo hurudi zenyewe. Kuna wanaopoteza siku zikikoma uzeeni. Kila wiki anawaona. Wengi huja wakiwa wameshamaliza waganga.

Nikamwuliza, "Dawa ya saluni haiwezi kuleta hivi?"

"Dawa ya saluni inaunguza ngozi na kukata nywele. Ikiunguza sana inaacha kovu, ngozi inang'aa. Yako haina hata alama. Aliyekuwa anakutengeneza alikuwa anakutunza."

Aliyasema hayo akiwa anaandika, hakuniangalia. Nilishukuru kwamba hakuniangalia.

Halafu yakaja ya matibabu. Kuna dawa ya kuzuia homoni ya kiume, na nyingine ya kupaka, zinaweza kusimamisha nywele zisiendelee kutoka na labda kurudisha kidogo. Lakini nikizitumia nisishike mimba, ile ya kunywa inaweza kumharibu mtoto tumboni. Kuna dawa nyingine za kurekebisha mzunguko na kulisaidia yai likomae, hizo ni kama nataka mtoto. Nywele zitaendelea na safari yake. Kwa sasa siwezi kupata vyote viwili. Nina miaka thelathini na sita. Akasema nisiamue leo, nizungumze na mume wangu, nipunguze sukari na nitembee zaidi kwa miguu.

Njiani kurudi nilikaa dirishani. Nilijaribu kumfikiria mtoto, nikajaribu kufikiria nywele. Kila nilipojaribu nilimwona mzee Salum anavaa viatu.

Jumatatu, 18 Novemba
Nimemweleza Frednand yote, hata ndevu. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Halafu akasema, "Kwa hiyo tatizo liko kwako."

Nadhani alikuwa anashusha pumzi tu. Miaka saba amekuwa akijiuliza kama ni yeye, na hakuwahi kuniambia. Lakini hilo ndilo lililotoka kinywani mwake kwanza, na tayari lilikuwa limeshasikika. Baadaye akauliza tufanye nini kuhusu mtoto. Hakuuliza kuhusu nywele. Mwishoni akasema, akiwa amesimama mlangoni, "Na yule binti wa Salum?"

Nikasema sijui.

"Unajua," akasema.

Jumatano, 20 Novemba
Milimita ishirini na nane. Mama mkwe alikuja na mboga. Frednand alikuwa amemweleza. Alifunga mlango, akakaa kwenye kigoda, akavua kitambaa chake. Miaka kumi na mbili nimeishi mbele ya nyumba ya mwanamke huyu na sijawahi kukiona kichwa chake. Utosi wake ni mtupu kama kiganja, pembeni kuna mvi chache.

"Zilianza kutoka siku zangu zilipokoma," akasema. "Mwaka wa pili hazikuwepo. Baba yao alifariki hajui. Nilikuwa nalala na kitambaa."

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Niseme nini? Nilikuuliza kama unatoka jasho usiku. Mimi nilikuwa natoka sana, nikadhani na wewe umeanza mapema. Ukanijibu habari za kupima."

Nilikaa chini sakafuni. Miaka kumi na mbili nimemsoma mwanamke huyu vibaya, na hata swali lake la upole nililigeuza kuwa kisu.

Kisha nikamwuliza lililokuwa linanichoma. "Nilipomtaja Shamimu, ulijua si kweli?"

Akafunga kitambaa upya, taratibu, akakaza fundo.

"Nilijua. Nilinyamaza. Ningesema si dawa, wangeniuliza mimi najuaje."

Kwa hiyo tulikuwa wawili.

Jumapili, 24 Novemba
Baada ya misa nimewaambia akina mama. Nilisimama. Nilisema ni homoni, nilieleza kila kitu, nilisema Shamimu hana kosa na kwamba mimi nilisema uongo.

Priscila aliuliza, "Amekutisha?"

"Nani?"

"Hao watu. Wamekutumia kitu mpaka unamtetea?"

Mwingine akasema hospitali siku hizi kila kitu wanasema homoni. Mwingine akasema yote mawili yanaweza kuwa kweli, homoni na mkono wa mtu. Wakaniangalia kwa huruma ileile ya mwezi wa kumi. Uongo wangu niliusema kwa maneno sita na waliushika palepale. Ukweli nimeueleza nusu saa na wameanza kukusanya kanga zao.

Ijumaa, 29 Novemba
Nimekwenda Nyantakara. Barabara ilikuwa mbaya, nilifika mchana. Nyumba ya Mwanaharusi iko nyuma ya mashine ya kusaga, nje kuna mche wa mpera. Mwanaharusi alinikaribisha bila kujua mimi ni nani. Nilipotaja jina, akachukua kikombe cha chai alichokuwa amenipa, akakirudisha ndani.

Shamimu alitoka akiwa na jembe, amefunga kanga kifuani, mikono ina udongo. Amekonda. Analima mahindi kwenye shamba la watu.

Nilipiga magoti. Nilisema yote. Nilisema nimepimwa, nilisema alichoniambia ndicho alichosema daktari, neno kwa neno. Nilisema naomba anisamehe.

Alingoja nimalize.

"Ulipoteseka na kichwa chako nilikuambia kwa sauti ya chini," akasema. "Uliponitaja mimi ulisema mbele ya watu ishirini. Leo umekuja huku nyuma ya mashine ya kusaga, hakuna anayekusikia isipokuwa shangazi yangu, unaniomba msamaha kwa sauti ya chini."

"Nimewaambia akina mama Jumapili."

"Wamekuamini?"

Nilitazama udongo wa mikono yake.

"Baba yangu hasemi na mtu dukani siku hizi," akasema. "Wateja wanaingia, wananunua, wanatoka. Wanaogopa kumsalimia. Alizaliwa Ngara, dada Eva. Amezika wazazi wake Ngara. Juzi mtoto mdogo amemwuliza atarudi lini kwao."

"Niambie nifanye nini."

"Mimi sijui. Ungekuwa umeniunguza mkono ningejua."

Akachukua jembe. Mwanaharusi akanionyesha njia ya kutokea, ingawa nilikuwa naiona.

Jumanne, 3 Desemba
Milimita arobaini na tatu. Maharage ya bondeni yamelala yote.

Jumamosi, 14 Desemba
Mkutano wa kijiji. Nilikuwa nimemwomba mwenyekiti nafasi. Akasema nizungumze kuhusu mnyauko na kisha niseme langu.

Nilisema langu kwanza. Nilikuwa nimenyoa nywele zote asubuhi ile, mama mkwe ndiye aliyenyoa kwa wembe, na nikaenda bila kitambaa ili wasitafute kichwa changu badala ya kusikiliza. Walikuwepo watu zaidi ya mia. Mzee Salum alikuwa amesimama mwisho kabisa, karibu na baiskeli. Nilisoma barua niliyoandika, kwa Kiswahili, halafu nikairudia kwa Kihangaza. Nilisema sikuungua. Nilisema hakuna nywele zilizopelekwa popote. Nilisema niliogopa kuitwa mgonjwa nikamtupia mwingine.

Watu hawakupiga kelele. Mwanamume mmoja akauliza kama mbegu za ruzuku zitafika kabla ya masika. Nikamjibu. Ndivyo ulivyokwisha.

Mzee Salum alinifuata. Nilimwamkia. Akaitikia. Akasema, "Ni neno lile lile nililokuomba mwezi wa kumi." Kisha akaondoka.

Jioni Frednand alipitisha mkono wake kichwani pangu, mara moja, kama mtu anayegusa ukuta kuona kama rangi imekauka. Akasema ni baridi. Nikamwambia nimeamua kunywa dawa za kukomaza yai, miezi sita. Baada ya hapo nitakunywa zile za nywele hata kama hakuna mtoto, na asiniulize. Akasema sawa.

Jumatano, 25 Desemba
Noeli. Sikwenda kwaya.

Jumatatu, 6 Januari 2025
Jua. Tunang'oa maharage. Mavuno ni nusu ya mwaka jana.

Ijumaa, 10 Januari
Gari dogo limekuja senta kuchukua viti viwili na kioo. Shamimu mwenyewe hakuja. Mzee Salum alisimamia. Nilishika upande mmoja wa kioo kusaidia kukipakia, naye hakunizuia. Hategekimana amekipangisha chumba kwa fundi simu.

Alhamisi, 16 Januari
Hakuna mvua. Leo mchana alikuja ofisini msichana nisiyemfahamu, ametembea kwa miguu kutoka vijiji vya mpakani, mbali. Ana miaka kama kumi na tisa. Alisubiri wakulima wote watoke, kisha akafunga mlango na kufungua kanga kichwani. Utosi. Njia pana katikati.

"Nimesikia na wewe yamekupata," akasema. "Nimekuja uniambie kinga yake."

"Kinga ya nini?"

"Ya yule mwanamke wa pwani. Shamimu. Ndiye aliyenichukulia nywele."

Nikamwuliza alikwenda lini kwa Shamimu kutengenezwa nywele.

"Sijawahi kwenda. Sijawahi kufika Bugarama kabla ya leo. Wanasema alipita sokoni kwetu akanitazama."

Nilimwuliza siku zake zinakuja kwa mpangilio. Akashangaa, akasema haziji tangu mwaka jana. Nikamwuliza kama ana nywele kidevuni. Akafunika kidevu kwa kiganja.

Nilivuta kiti nikamwambia akae, kwamba maelezo ni marefu na kesho nitampeleka hospitali mwenyewe kwa pikipiki. Akakaa ukingoni, anatazama mlango. Kabla ya homoni, kabla ya ovari, nilijua lazima nianze na lile jambo jingine. Nikamwambia, "Aliyekudanganya kuhusu Shamimu ni mimi."

Hakuelewa. Alisema hapana, yeye aliambiwa na shangazi yake.